Je, Lisiloandikwa Limekatazwa?

Ahadi ni deni, wasema wahenga, nasi walimu tumeirudia methali hiyo mbele ya wanafunzi mara nyingi mno, hata tumesahau kuliuliza swali linaloifuata. Ikiwa ahadi ni deni, je, jambo ambalo halikuahidiwa, lakini likawa latendeka kila siku mbele ya macho yetu, nalo ni deni? Mtu akikupa kwa miaka kumi kitu ambacho hakukuahidi, nawe ukajenga shughuli zako juu yake, je, ana haki ya kukunyima katika mwaka wa kumi na moja bila kukuambia neno?

Tunakusudia kulichunguza swali hili kwa mfano ambao huenda ukamshangaza msomaji wa kurasa hizi za walimu wa lugha, yaani mfano wa kompyuta za zamani. Wako wasemao tarakilishi, na wako waliopendekeza ngamizi. Sisi tutasema kompyuta kwa kuwa ndilo neno lililokwisha kukaa midomoni mwa watu, na ugomvi wa istilahi tutauacha kwa siku nyingine. Mfano huu tumeuchagua kwa sababu mashine haina hila wala haya. Wanadamu wakiulizwa habari ya ahadi zao hutafuta maneno ya kujifunika. Mashine hutenda tu, na kwa hiyo swali lenyewe huonekana wazi.

Katika kila kompyuta kuna kipande kidogo cha silikoni kiitwacho prosesa, ambacho ndicho kifanyacho kazi. Prosesa haijui maneno, inajua namba. Namba moja huiambia ichukue thamani kutoka kumbukumbu, nyingine huiambia ijumlishe, nyingine huiambia iruke mahali pengine. Anayeiuza prosesa hutoa pamoja nayo kitabu kinachoeleza kila namba na kazi yake. Kitabu hicho ndicho mkataba baina ya mwundaji na mtumiaji, ingawa hakuna anayetia sahihi.

Mwezi wa Septemba 1975 kampuni ya Kimarekani ya MOS Technology iliitoa prosesa iliyoitwa 6502. Bei yake ilikuwa dola 25, wakati ambapo prosesa za washindani wake ziliuzwa kwa zaidi ya dola 100, na kwa ajili ya urahisi huo ikaingia katika kompyuta nyingi zilizonunuliwa na watu wa kawaida: Apple II ya mwaka 1977, BBC Micro ya mwaka 1981, na, ikiwa imebadilishwa kidogo, Commodore 64 ya mwaka 1982. Kila amri ya 6502 hutambulishwa kwa baiti moja, na baiti moja yaweza kuwa na sura 256. Kitabu cha kampuni kilieleza sura 151. Zilizobaki, ambazo ni 105, kitabu kilizinyamazia.

Asiyeijua mashine angedhani kwamba namba hizo 105 ni vyumba vitupu. Ukigonga mlango hapana atakayeitika. Sivyo ilivyo. Ndani ya 6502 hakuna bawabu wa kuuliza kama namba inayoingia imo katika orodha. Bawabu huyo angehitaji transista zake mwenyewe, na katika mwaka 1975 transista zilikuwa mali ya kubaniwa, kwani prosesa nzima ilikuwa nazo zipatazo 3,500 tu. Basi waundaji waliipanga mashine iitazame namba kwa vipande vyake, kila kipande kiamshe sehemu yake ya kazi. Namba 165 huiambia prosesa ichukue thamani kutoka kumbukumbu na kuiweka katika rejista iitwayo A. Namba 166 huiambia iiweke katika rejista iitwayo X. Namba 167 haimo kitabuni. Lakini ukiiandika, vipande vya 165 na vya 166 huamka kwa pamoja, na thamani ile ile huingia katika A na katika X kwa mara moja, kwa muda ule ule ambao amri moja ingeutumia.

Hakuna mhandisi aliyeikusudia 167. Ilizaliwa na ubahili wa wahandisi, kama vile maneno mawili yanavyogusana ndani ya sentensi yakazaa maana ya tatu ambayo msemaji hakuitaka. Na ndugu zake ni wengi. Namba 135 huzitoa A na X zote mbili kwenye njia moja zielekee kumbukumbu. Palipo na mgongano, sifuri hushinda, na kinachoandikwa ni yale tu ambayo rejista zote mbili zimekubaliana. Namba 2, pamoja na nyingine kumi na moja, huifanya prosesa iduwae. Haisikii tena chochote mpaka ianzishwe upya. Na iko namba 139, ambayo jibu lake hubadilika kati ya chipu moja na nyingine, na hata kwa joto la chumba. Tutairudia.

Sasa mwandishi wa programu za Commodore 64, mwenye prosesa inayopiga hatua takribani milioni moja kwa sekunde, anapogundua kwamba kwa amri ya 167 anaokoa hatua tatu kati ya sita na baiti mbili kati ya nne, afanyeje? Kitabu hakikumwambia aitumie. Hakikumkataza pia. Wengi waliitumia, na programu zao zikaenda kwa wepesi uliowashangaza hata walioiunda mashine.

Wasemaji wa Kiingereza waliziita amri hizi kwa neno ambalo sisi tungelifasiri kuwa "haramu". Hapa ndipo tunapopinga kwanza. Jambo haliwi haramu mpaka awepo mwenye mamlaka ya kukataza na awe amekataza. Kunyamaza si kukataza. Lugha yetu ina ngazi nyingi baina ya halali na haramu; yako yanayopendeza, yako yanayoruhusiwa, na yako makuruhu, ambayo mtu akiyatenda hahesabiwi kosa lakini afadhali angeyaacha. Aliyetumia neno moja kali kwa jambo ambalo hakuna aliyelikataza amekwisha kutoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa.

Lakini tukisema si haramu, hatujasema kwamba ni haki. Mwandishi wa programu na mwundaji wa prosesa si watu wawili peke yao katika jambo hili. Yuko wa tatu, naye ndiye tunayemwonea wasiwasi: yule aliyeinunua programu kwa fedha zake, asiyejua kwamba ndani yake kuna namba 167. Mnamo mwaka 1983 ilitokea 65C02, mrithi wa 6502, iliyoundwa chini ya Bill Mensch, mmoja wa wahandisi wa ile ya kwanza. Ilisahihisha makosa kadhaa ya mzazi wake, na namba zote zilizokuwa zimenyamaziwa ama ilizipa kazi mpya ama ilizifanya zisitende lolote. Haki ilikuwa upande wake. Hakuna ahadi iliyovunjwa. Hata hivyo, programu iliyoitegemea 167 ilipowekwa katika kompyuta mpya ilikwama, na aliyekwama nayo hakuwa mhandisi wala mtunzi wa programu, bali mnunuzi. Yeye aliambiwa tu kwamba kompyuta mpya ni bora kuliko ya zamani.

Jambo hili halikuanza na 6502. Frederick Brooks, aliyeongoza kazi ya kuunda jamii ya kompyuta za IBM System/360, alisimulia katika kitabu chake The Mythical Man-Month cha mwaka 1975 jinsi walivyotaka mashine zao mpya ziweze kuiiga kompyuta ya zamani ya IBM 1401. Walipokaa kuandika ni nini hasa 1401 inachofanya, waligundua vioja thelathini ambavyo havikuwamo katika maelezo: matokeo ya amri zilizodhaniwa kuwa batili, lakini ambazo watumiaji walikuwa wamekwisha kuzizoea kazini. Ikawabidi wavihesabu vioja hivyo kuwa sehemu ya mashine. Hebu tulitafakari hilo. Mwundaji anakwenda kwa watumiaji kuuliza mashine aliyoiunda yeye mwenyewe ni kitu gani. Kitabu kilikuwapo, nacho hakikutosha; mazoea yalikuwa yameandika kitabu cha pili.

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani hatuwezi kuisoma habari hiyo bila kuutazama uso wetu ndani yake. Tuliwahi kumkata mwanafunzi alama kwa kuandika "batoto" mahali pa "watoto". Alikuwa amekulia upande wa Kongo, na neno hilo alilisikia kwa mama yake, kwa majirani na sokoni, likifanya kazi yake bila kukwama hata siku moja. Sisi tulifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, hatukuliona, tukapiga mstari mwekundu. Yeye hakuuliza kwa nini neno si sahihi. Aliuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Swali lake tulilibeba muda mrefu, maana halikuwa swali la sarufi.

Tusivilinganishe vitu hivi viwili kupita kiasi. Lugha haina mwundaji mmoja, na kamusi si mkataba. Kamusi humfuata msemaji, ilhali prosesa hutoka kiwandani na kitabu chake mkononi. Mwanafunzi yule alikuwa na haki juu ya "batoto" ambayo mtunzi wa programu hana juu ya 167. Lakini katika jambo moja walikuwa sawa: mtu alikuwa akijua, na yule ambaye angeumia hakuambiwa.

Kwa hiyo tunasema kwamba uzito wa shauri hili hauko katika kutumia, bali uko katika kunyamaza, na kimya nacho si cha namna moja. Waundaji wa 6502 walinyamaza, twaweza kusema, kama anyamazavyo mtu ambaye hakuulizwa. Namba 105 zilikuwa mabaki ya kazi yao, na hawakuwa na nia ya kuzifanya chochote. Tofauti kabisa ni prosesa ya 8085 ya kampuni ya Intel, iliyotolewa mwaka 1976. Ndani yake mlikuwa na amri kumi ambazo hazikuwa mabaki hata kidogo. Zilibuniwa, zikachorwa, zikawekwa kwenye silikoni kwa makusudi. Kisha kitabu kikatoka kikitaja amri mbili tu zilizoongezwa juu ya zile za mtangulizi wake, 8080. Sababu iliyokuja kutolewa baadaye ni kwamba kampuni ilikuwa ikiitayarisha prosesa nyingine, 8086, na kila amri iliyotangazwa katika 8085 ingekuwa mzigo kwa yule anayekuja. Mwaka 1979 jarida la Electronics la Marekani lilichapisha makala iliyozieleza amri hizo kumi kwa umma, baada ya watu wa nje kuzichunguza.

Kimya cha Intel hapa tunakiona kuwa cha busara, ijapokuwa hakipendezi. Aliyekwisha kuijua methali ya ahadi na deni hujihadhari asikope asichoweza kulipa. Lakini palikuwa na njia ya tatu, nayo haikufuatwa: kusema kwamba amri zipo, na kwamba asizitegemee mtu. Maneno machache tu. Yangemwachia kila mmoja uhuru wake, na lawama zingekwenda zinakostahili. Kuna atakayetujibu kwamba watu hawasikii maonyo, na kwamba watumiaji wa 1401 nao walijua kuwa amri zile zimehesabiwa batili. Ni kweli. Lakini aliyeonywa na asiyeonywa hawasimami mahali pamoja siku ya kukwama.

Kimya kibaya ni kile kinachosema na baadhi ya watu na kuwanyamazia wengine. Prosesa ya Intel 80286, ya mwaka 1982, ilikuwa na amri iliyoitwa LOADALL, ambayo haikuonekana katika kitabu cha umma. Amri hiyo ilizijaza rejista zote za prosesa kwa mpigo mmoja, na kwa hila hiyo programu iliweza kuifikia kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti moja bila kupita katika njia ndefu iliyoelezwa kitabuni. Maelezo yake yaliandikwa, lakini yalitolewa kwa siri kwa wateja fulani. Programu za Microsoft zilizoandamana na MS-DOS ziliitumia. Mtunzi mdogo, aliyekinunua kitabu cha umma akakisoma kwa uaminifu mpaka ukurasa wa mwisho, alikuwa akishindana na watu waliosoma kitabu kingine. Ajabu ni kwamba prosesa hiyo hiyo ilikuwa na bawabu ambaye 6502 haikuwa naye: ukiiletea namba isiyojulikana, ilisimama na kutoa taarifa ya kosa. Bawabu aliwekwa mlangoni, kisha baadhi ya wageni wakaonyeshwa mlango wa nyuma. Ilipokuja 80386, mwaka 1985, amri ile haikuwamo tena kwa namba yake ya kwanza, na baadhi ya watengenezaji wa kompyuta ikawabidi waandike programu za kuiigiza ili kazi za zamani zisikwame. Siri ya wachache ilikuwa imekwisha kuwa mzigo wa wengi.

Je, mwundaji asiyeahidi lolote aweza kufungwa na mazoea ya watu? Tunakumbuka kisa cha IBM. Kompyuta yao ya mwaka 1981 ilitumia prosesa ya 8088, isiyoweza kuhesabu mahali pa kumbukumbu kupita megabaiti moja. Ukipita mwisho, ulijikuta umerudi mwanzo, kama mtu azungukaye mnazi. Baadhi ya programu zilikutegemea kuzunguka huko. Mwaka 1984 ilipotoka kompyuta ya PC AT, yenye prosesa ya 80286 inayoweza kwenda mbele zaidi, mzunguko huo ungekwisha na programu hizo zingeharibika. IBM haikuwa imeandika deni lolote. Hata hivyo iliweka lango katika njia ya ishirini na moja ya anwani ili, lango likifungwa, mashine mpya izunguke kama ya zamani. Na lango hilo, kwa kukosa mahali pengine, wakalitia chini ya kidhibiti cha kibodi. Wahandisi wameicheka kazi hiyo kwa miaka mingi, na kwa ufundi ina haki ya kuchekwa. Sisi hatuicheki sana. Twajua kwamba biashara ilikuwamo. Asiyetunza wateja huwapoteza. Lakini mtu anayelipa deni ambalo hakuliandika, hata kama ana faida yake, amemkumbuka yule wa tatu.

Linabaki swali la yule agunduaye. Mwezi wa Novemba 1997 ilijulikana kwamba baiti nne zisizo halali katika prosesa za Pentium zilitosha kuisimamisha kompyuta nzima, na kwamba mtumiaji yeyote wa kompyuta inayoshirikiwa na wengi aliweza kuziandika. Zile namba kumi na mbili za 6502 zilimduwaza mwenye mashine peke yake; hizi ziliweza kumsimamishia jirani kazi yake. Hapa tunakiri kwamba hoja yetu ya kusema wazi yapata kikwazo, kwa kuwa kulitangaza neno ni kumpa silaha asiye na nia njema. Lakini tunaona kwamba ndiko kulikoleta dawa, kwani watunzi wa mifumo ya uendeshaji walipata njia za kuikinga mashine baada ya muda mfupi. Na mtu hawezi kukinga nyumba ambayo haambiwi kwamba ina ufa. Labda ampe mwundaji siku chache kwanza. Ni siku ngapi, hilo hata leo wanaojishughulisha na usalama wa kompyuta hawajakubaliana, nasi hatutajitia katika mashauri yao.

Habari ya 6502 haikuishia kwa kampuni yake. Mwaka 2010 wahandisi watatu, Greg James, Barry Silverman na Brian Silverman, waliipiga picha silikoni ya prosesa hiyo baada ya kuifunua, wakazifuata njia zake zote, wakaiiga transista kwa transista katika kompyuta ya kisasa. Yaliyokuwa yakikisiwa kwa majaribio sasa yaliweza kuonekana kwa macho: kwa nini 165 na 166 huungana katika 167, kwa nini sifuri hushinda katika 135, na ni kitu gani hasa kinachoinasa prosesa inapopewa namba 2. Wapenzi wa mashine hizo wametunga majedwali yanayozieleza namba zote 256, bila kuacha hata moja, na yeyote aweza kuyasoma pasipo malipo wala siri. Karibu kila namba ina maelezo kamili mbele yake. Mbele ya 139 wameandika kwamba jibu halitabiriki, kwamba hutofautiana kati ya chipu na chipu, na kwamba mwenye kuitumia asiitegemee.